Kichwa cha Songea na Maneno ya Umatengo

Mwanafunzi wa Matiri, katika Wilaya ya Mbinga, akitaka kujua nchi yake iliandikwaje mara ya kwanza, hana budi kufunga safari ndefu. Kwanza atakwenda Songea, kwa sababu siku za utawala wa Wajerumani Umatengo ulihesabiwa chini ya boma la Songea, lililoanzishwa 1897. Kisha atapita Peramiho, ambako Wabenediktini walianza misheni yao 1898, na Kigonsera, walikofika mwaka uliofuata. Kutoka huko atateremka mpaka Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, yaliko majalada ya Serikali ya Kijerumani, mengi yao yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu. Mwisho itampasa kuvuka bahari aende Berlin, na tena St. Ottilien katika Bavaria, kwenye abasia iliyowatuma mapadre wale. Kila hatua ya safari hii karatasi zaongezeka, na watu wawezao kujibu swali juu ya Umatengo wapungua.

Wala safari hiyo haitamfaa kitu asipojua kwanza kupotoa majina ya kwao. Akiuliza habari za Liuli katika ramani na majalada ya wakati ule hataiona. Sharti aulize Sphinxhafen, maana mwamba wa bandarini uliwakumbusha wageni sanamu ya Misri, na ukumbusho wao ukawa jina la mji wa watu wengine. Manda ataikuta chini ya Wiedhafen. Jina la Sphinxhafen ndilo lililoingia katika habari za vita tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Hivyo mvuvi wa Liuli aliyeisikia mizinga ile asubuhi alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mahali asipopajua.

Mambo haya yafaa yatangulie kusemwa, kwa sababu mjadala juu ya urithi wa ukoloni katika makumbusho umeelekea, kwa haki kabisa, upande wa vitu vinavyoshikika. Nchi ya kusini ina sababu kubwa kuliko nchi nyingi ya kushika upande huo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Wengi wao walizikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake umeshika tangu siku hizo kwamba mwili wake ulizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilichukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya wazao wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Kuhusu kichwa aliahidi jitihada za kukitafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana.

Jambo lenyewe si geni. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, lakini fuvu halikurudi ila 1954, Gavana Edward Twining alipolichagua katika makumbusho ya Bremen na kulipeleka Kalenga. Yaani miaka 35 ilipita, na mkataba umo mkononi. Mwaka 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, na 202 kati yao yakaonekana kuwa yametoka katika nchi iliyo leo Tanzania. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba baadhi ya maiti hao wana jamaa walio hai. Hakuna hoja ya elimu iwezayo kutetea kuwekwa kwa mifupa hiyo kabatini. Ilikusanywa ili ipimwe kwa elimu ambayo wataalamu wenyewe wameitupa, na iliendelea kukaa huko kwa sababu ya uzito wa mazoea tu.

Walakini kuna kitu kingine kilichochukuliwa, ambacho hakuna rais atakayekileta ndani ya sanduku, nacho ni maneno. Hapa ndipo habari ya Umatengo yapata uzito wake.

Mwaka 1908 jarida la Anthropos lilichapa ngano za Wamatengo zilizokusanywa na padre Mbenediktini Johannes Häfliger. Mwaka uliofuata kamusi yake ya Kimatengo ikatolewa katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Ni kazi kubwa, na mtu asiyetaka kuitambua kuwa ni kazi kubwa hajapata kujaribu kuandika kamusi. Bila shaka maneno mengi yaliyohifadhiwa humo yasingalifika leo. Lakini kamusi si ghala tupu. Ni mazungumzo ambayo upande mmoja umefutwa. Mtu fulani aliulizwa, “Hiki huitwaje?”, akajibu. Swali lilitokana na haja za muulizaji: kuhubiri, kuamuru, kufundisha, kusafiri. Jibu likaandikwa, na maana yake ikawekwa kwa Kijerumani, kwa hiyo mlango wa kuingilia katika neno la bibi wa Umatengo ukawa ni Kijerumani. Jina la padre limo katika orodha za vitabu za dunia nzima. Aliyejibu hana jina pale juu ya kazi.

Tena miaka yenyewe yapasa kutazamwa. Ngano zilichapwa 1908. Vita vilikwisha 1907, na njaa iliyofuata vita, ambayo majeshi ya Serikali yaliisababisha kwa kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi. Hesabu za waliokufa katika nchi nzima ya vita hutofautiana mno: watawala walikadiria 75,000, naye mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikisha 300,000. Kwa hiyo msomaji ashikapo ngano zile na kamusi ile ashike pia jambo hili, kwamba zilitoka katika wilaya iliyokuwa imetoka kunyongewa wakuu wake. Kurasa zenyewe ni tulivu. Utulivu huo ni sehemu ya ushahidi, na mhakiki asiyeuona atakuwa amesoma ngano kana kwamba zilitoka mwezini.

Jarida lililochapa kamusi ya Kimatengo ndilo lililochapa pia, mwaka 1933, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, pamoja na tafsiri ya Kijerumani iliyofanywa na A. Lorenz. Utenzi huo ulitolewa tena 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ujirani huu wa kamusi na utenzi katika jarida moja la Berlin si bahati tu. Chuo kile kilianzishwa 1887, na katika kazi zake ilikuwamo kuwafundisha Kiswahili maofisa waliotumwa Afrika ya Mashariki. Kwa ajili hiyo waliletwa hata walimu Waswahili, akiwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kiswahili kilikuwa lugha ya boma. Maakida na majumbe waliandikiwa kwa Kiswahili, na barua zao ziliandikwa kwa Kiswahili.

Hapa wapenzi wa lugha hii hupenda kupita haraka. Imekuwa desturi kusema kwamba Kiswahili ndicho kilichounganisha makabila katika Maji Maji na baadaye katika kupigania uhuru, na usemi huo una kweli yake. Lakini utenzi wa Abdul Karim wasimama njiani. Mshairi ni mtu wa mji wa pwani. Aviona vita kutoka kwenye ngome ya mji, na watu wa bara wenye kuamini maji huonekana kwake kama watu waliopotea, wala utiifu kwa Serikali hauonekani kwake kuwa aibu. Ni kweli kwamba wako wataalamu waliosikia kejeli chini ya sifa zile, na wakauliza kama mshairi aliyetungia chini ya bendera ya mshindi aweza kusomwa kwa maneno yake ya juu tu. Swali lao ni zuri. Hata hivyo haliondoi jambo moja la wazi: utenzi huu, ulio katika maandishi ya kwanza ya Kiswahili juu ya vita hivyo, haukutungwa kutoka upande wa waliokunywa maji, na uliingia katika nyaraka za Berlin kwa urahisi ambao wimbo wa Umatumbi au wa Ungoni usingaliupata.

Basi mwanachuo wa Kiswahili aendaye Berlin kudai urithi na aende akijua kwamba anadai katika nyumba ambayo lugha yake ilikuwa na ufunguo wake. Hii haimnyang’anyi haki ya kudai. Yambadili tu namna ya kusoma. Jalada la Kijerumani lenye barua ya akida ndani yake si maneno ya Mzungu peke yake. Mna sauti mbili za utawala, na sauti ya tatu, ya mtu wa mlimani anayetajwa na wote wawili, haisikiki ila kwa kutega sikio sana.

Kazi ya kuitega ilianza kwa nguvu 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma wanafunzi wakarudi wilayani kwao kuwauliza wazee waliokumbuka vita. Katika matunda yake kimo kitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya Vita vya Maji Maji katika Ungoni, kilichotolewa 1969. Mwaka huo huo ilitoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Ni vigumu leo kukadiria ujasiri wa vijana wale wawili, ambao waliuchukua mdomo wa mzee na kuuweka mezani sawa na jalada la nahodha wa boma. Bila kazi ya namna hiyo majina mengi yangalibaki katika karatasi za wanyongaji na za wabatizaji tu. Nkomanile, anayekumbukwa Songea kuwa mwanamke pekee kati ya walionyongwa, ni wa kumbukumbu za watu kuliko wa majalada. Ila kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Mzee alisema kwa lugha yake, kijana akaandika kwa lugha ya shahada, na mjukuu wa mzee yule akitaka kuyasoma maneno ya babu yake imempasa apite tena mlango wa kigeni, mwingine tu kuliko ule wa 1909.

Makumbusho ya Maji Maji ya Songea, yaliyofunguliwa 1980 na ambayo sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yalijengwa juu ya kazi hiyo na juu ya ardhi yenyewe ya msiba. Mtu asimamaye mbele ya kaburi lile hahitaji kuelezwa sana, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika pale. Lakini kiini cha nyumba hiyo ni Ungoni: nkosi, nduna, ngao na mkuki. Inakumbusha vita kwa majina ya wakuu, kama vile jalada la Kijerumani lilivyovikumbuka, kwa kuwa boma lilitaka kujua ni nani mwenye kuamuru ili limnyonge. Heshima imegeuzwa kutoka upande hata upande, nayo imestahili kugeuzwa. Ila orodha imebaki katika mpango ule ule. Na Wamatengo? Hao, kabla ya Mjerumani kufika, walikuwa wamekwisha kusukumwa milimani na mapangoni na mashambulio ya Wangoni. Kwa mtoto wa Matiri au wa Litembo, mkuki ulio katika kabati la kioo waweza kuwa mkuki wa shujaa aliyempinga mkoloni, na waweza kuwa pia mkuki uliomkimbiza babu wa babu yake. Makumbusho ya taifa huona taabu kuandika kikaratasi chenye mambo hayo mawili kwa pamoja. Nyaraka za wakoloni hazikuona taabu kuyaandika, kwa sababu zilifaidika na ugomvi. Na hii yaonekana kuwa moja ya sababu kwamba wenye makumbusho huuepuka. Kuuepuka ni kosa, hata likiwa kosa la watu wenye nia njema. Historia iliyoachwa kusemwa nyumbani huendelea kusemwa katika jalada la mgeni, kwa makusudi ya mgeni.

Lakini Umatengo una kumbukumbu yake isiyohitaji kabati. Katika miteremko mikali ya milima ya Mbinga watu hulima kwa ngolo. Nyasi hukatwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima waonekana kama wavu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya mistari na kuufunika juu ya nyasi, na kila jicho la wavu likawa shimo linalokamata maji ya mvua yasichukue udongo. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo, na baadaye mahindi. Watu wengi waliochunguza kilimo hiki wamekihusisha na vita: ni wakati waliposongamana milimani kwa kuwakimbia Wangoni ndipo watu hao walipolazimika kulima mahali ambapo jembe la kawaida lingaliteremsha shamba lote bondeni.

Ofisa mmoja wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala juu ya mashimo haya katika Tanganyika Notes and Records ya 1938, na kichwa cha makala yake kilitaja hifadhi ya udongo miongoni mwa Wamatengo. Aliyaona na kuyasifu. Sifa zake zapasa kupokelewa kwa shukrani na kwa hadhari. “Hifadhi ya udongo” lilikuwa neno la Serikali. Kwa jina hilo watu wa sehemu nyingine za Tanganyika walilazimishwa kuchimba matuta wasiyoyataka, hata Uluguru wakafanya ghasia 1955. Katika mikono ya ofisa, ngolo ikawa mfano mwema wa siasa ya kilimo. Ile habari ya hofu, ya mapango, ya wanawake wanaochimba na wanaume wanaokata nyasi huku wakitazama kilele cha mlima wa pili, ilibanduka. Jalada liliupokea ufundi, likaiacha sababu.

Sababu ilibaki katika sengu. Sengu ni baraza la ukoo: jamaa hula pamoja, na wakiisha kula wazee huzungumza, hukumu ikatolewa, kijana akaonywa, na habari za waliotangulia zikasimuliwa kwa kadiri zinavyohitajiwa na jambo la siku ile. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliokuja kuchunguza kilimo cha Umatengo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba desturi hii imefifia, na baadhi yao wakajitahidi kuihuisha kwa mashauri ya maendeleo. Ni ajabu kidogo kwamba baraza la kula ugali lihitaji mradi. Walakini waliona sawa kwamba hapo ndipo elimu ya nchi ilipokuwa ikikaa, na tofauti yake na nyaraka ni hii: katika sengu hakuna neno linalosemwa ila mbele ya mtu awezaye kulikana.

Haki hiyo ya kukana ndiyo iliyoondolewa makumbushoni. Mwenye kuandika kikaratasi cha maelezo, awe Mjerumani wa 1906 au mhifadhi Mtanzania wa leo, huandika mahali ambapo mwenye habari hayupo. Neno lenyewe la Kiswahili, makumbusho, lina deni ambalo neno la Kizungu halina, kwa maana lasema kwamba kuna mtu wa kukumbushwa. Na mtu wa Matiri apelekwapo mbele ya kabati asiyoijua lugha yake hakumbushwi, huarifiwa tu. Maonyesho juu ya historia ya Tanzania yaliyofunguliwa Berlin mwezi wa Novemba 2024, yakiwa yametengenezwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, yalikuwa hatua ya kweli, kwa kuwa wenye historia walikaa upande wa kuandika. Hata hivyo yalifanywa Berlin, na nauli ya kutoka Mbinga yajulikana.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lisilohitaji ruhusa ya waziri wala sanduku la kusafirishia. Kamusi ya Häfliger ina kurasa kama 80. Mwaka 2006 kamusi nyingine ya Kimatengo, ya Nobuko Yoneda, ilichapwa, nayo mjini Tokyo. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna karibu miaka 100, na maneno yaliyomo katika cha kwanza bila kuwamo katika cha pili yaweza kuhesabiwa mezani na mwanafunzi mmoja ajuaye Kijerumani cha kutosha. Orodha yake ikiisha kuandikwa kwa Kiswahili, itakuwa fupi ya kutosha kuchukuliwa mfukoni mpaka Matiri na kusomwa kwa sauti jioni, neno baada ya neno, mbele ya wazee wa ukoo, wakaulizwa ni lipi walilipata kulisikia kwa mama zao, ni lipi padre alilisikia vibaya, na ni lipi mtu aliyeulizwa 1909 alilitoa kwa makusudi ili muulizaji aende zake.